Theluji ya mashine, joto la dunia na ubishi wa kijiweni: tuelewane kidogo

Juzi kijiweni kwetu Ngamiani, Tanga mjini, pale tunapokunywa kahawa baada ya Isha, kijana mmoja alitoa simu akatuonyesha klipu. Mlima wa kijani kabisa, nyasi kama za Lushoto, halafu katikati umepita utepe mweupe mwembamba kama kanga iliyoanikwa, na juu ya huo utepe watu wamevaa mabuti na makoti wanateleza mmoja nyuma ya mwenzake. Basi ubishi ukaanza. Mmoja akasema hiyo feki, imetengenezwa na kompyuta. Mwingine akasema sio feki, ila hicho cheupe ni kemikali, kitu kama povu la sabuni. Mzee wetu mmoja, ambaye huwa hafungui mdomo mpaka kikombe cha tatu, akauliza swali lililowashinda wote: "Sasa nyie si mnasema dunia inapata joto, hao Wazungu theluji wanaitoa wapi? Na kama theluji ipo, hilo joto liko wapi?"

Nikasema hili nitaliandika, maana pale kijiweni kila ukianza kueleza mtu anadakia mambo ya Simba na Yanga.

Tuanze na maneno. Skii ni mchezo wa kuteremka mlima wenye theluji ukiwa umefunga vitu viwili virefu vyembamba miguuni, zamani vilikuwa mbao kweli, siku hizi mchanganyiko wa plastiki na chuma na mengine. Kituo cha skii ni ule mlima pamoja na kila kilichojengwa kwa ajili yake: lifti za waya za kupandisha watu juu, hoteli, migahawa, maduka ya kukodisha viatu, walimu, madereva wa magari ya kusawazisha theluji usiku. Kwa hiyo theluji ikikosekana haikosekani starehe ya mtalii tu, inakosekana kazi ya mpishi na ya dereva na ya mama anayefua mashuka, ni kama mji wa wavuvi samaki wahame.

Halafu kuna hali ya hewa na kuna tabianchi, na hapa ndipo swali la mzee linapojibiwa nusu. Hali ya hewa ni leo kumeamkaje. Tabianchi ni mazoea ya miaka na miaka. Sisi watu wa pwani hili tunalijua bila kufundishwa, tunajua kaskazi ina miezi yake na kusi ina miezi yake, na ikitokea siku moja katikati ya kusi upepo ukavuma kinyume hakuna nahodha anayesema kusi imefutwa. Ndivyo ilivyo kwa theluji, ikianguka nyingi wiki moja Ulaya haina maana joto la dunia ni uongo. Tena hewa yenye joto inabeba mvuke mwingi zaidi, kama asilimia 7 kwa kila digrii moja, kwa hiyo kule juu ambako bado ni baridi unaweza kukuta siku moja inamwagika theluji ya kutisha, halafu wiki tatu hakuna kitu, halafu inanyesha mvua ya kawaida juu yake inayeyuka yote. Kinachowatesa wenye vituo ni huko kutotabirika na msimu kuwa mfupi.

Sasa kwa nini ule mlima wa kwenye klipu ulikuwa kijani? Kwa sababu ni mfupi. Anayetoka Tanga mjini kwenda Lushoto anabeba sweta, na hajabadilisha nchi, amepanda tu juu. Kwa wastani kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka digrii 6 na nusu hivi. Geuza hesabu hiyo: dunia ikiongezeka joto digrii 1, ule mstari ambao mvua inageuka kuwa theluji unapanda juu kama mita 150. Kituo ambacho chini yake ni mita 2,500 kinaweza kisihisi sana, lakini chenye mita 1,000 au 1,200 hizo 150 ndizo maisha yake yote. Mwanzoni mwa Januari 2023 vituo vingi vya chini kwenye milima ya Alps, kule Ulaya, vilikuwa vimebaki nyasi na matope, na picha za tepe nyeupe katikati ya kijani zilienea dunia nzima. Kwa hiyo kijana, klipu yako inawezekana kabisa sio feki.

Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2023 ulipima vituo 2,234 vya Ulaya. Ukaona joto likifika digrii 2 juu ya lilivyokuwa kabla ya zama za viwanda, asilimia 53 ya vituo vitakuwa kwenye hatari kubwa sana ya kukosa theluji kama wakitegemea ya mbinguni peke yake. Likifika digrii 4 ni asilimia 98, yaani karibu vyote. Wakiweka mashine za theluji kwenye nusu ya njia zao, hiyo 53 inashuka hadi 27, na hiyo 98 inashuka hadi 71. Ziangalieni hizo namba mbili za mwisho, nitazirudia.

Haya, njia ya kwanza ya kupambana ni mashine. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Theluji ya mashine sio povu, sio kemikali, ni maji. Ilianza mwaka 1950 huko Connecticut, Marekani, jamaa waliokuwa wanatengeneza vifaa vya skii walikosa soko kwa sababu theluji haikuanguka, wakachukua kompresa ya kupigia rangi, mpira wa kumwagilia bustani na pua ya kunyunyizia, wakarusha maji na upepo usiku wa baridi, asubuhi wakakuta weupe. Kanuni mpaka leo ni ileile. Unavunja maji yawe matone madogo sana, unayarusha juu hewani, yanaganda kabla hayajafika chini. Kuna wanaochanganya protini inayotokana na bakteria ili maji yagande haraka, na baadhi ya sehemu wamekataza hiyo, lakini msingi ni maji na hewa.

Ndio maana ukiishika haifanani na ya asili. Ile ya mbinguni ni vipande vyenye pembe sita na matawi, inajaa hewa katikati, nyepesi. Ya mashine ni vipunje vya barafu, imeshikana, nzito, na inachelewa kuyeyuka. Wacheza mashindano wengine wanaipenda maana ni ngumu, wengine wanasema ukianguka unaumia.

Sasa kitu kikubwa ambacho nataka mkibebe: mashine haitengenezi baridi. Inatumia baridi iliyopo. Na sio baridi tu, ukavu pia. Mtu akitoka kuoga baharini pale Raskazone, upepo ukampiga, anatetemeka hata kama jua linawaka, kwa sababu maji yanapokauka mwilini yanaondoka na joto. Lakini mwezi wa tatu, hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, unapepea na gazeti wapi, joto palepale. Tone la maji linalorushwa na mashine lina hali hiyohiyo, hewa ikiwa kavu sehemu ya tone inakauka na kilichobaki kinapoa haraka. Kwa hiyo mafundi hawaangalii kipimajoto cha kawaida, wanaangalia kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi, na wanataka kisome kama digrii 2 na nusu chini ya sifuri. Hewa kavu sana wanaweza kuanza hata kipimajoto cha kawaida kikisema digrii 1 au 2 juu ya sifuri. Hewa yenye unyevu lazima ishuke chini ya sifuri hasa.

Mfano mzuri ni Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing 2022, theluji karibu yote ilikuwa ya mashine. Watu wakasema mmeona, mashine inatosha, joto la nini. Hapana bwana. Ile milima karibu na Beijing ni baridi kali na kavu, theluji haianguki sana kwa sababu mvua yenyewe haba. Baridi ilikuwepo, maji ndiyo yalikosekana, wakayavuta kwa pampu. Kituo cha Alps chenye usiku wa digrii 6 ukungu umetanda hata umpe mashine mia hazimsaidii kitu. Sasa zirudieni zile namba: kwa digrii 2 mashine zinaokoa vituo vingi, kwa digrii 4 saba kati ya kumi vinakwama na mashine zake.

Na maji yenyewe ni mengi. Mita moja ya ujazo ya theluji ya mashine inakula lita 400 mpaka 500. Hekta moja, yaani uwanja wa mpira na ziada kidogo, ukiifunika unene wa sentimita 30 unahitaji lita milioni 1.2 hadi 1.5. Boza la lita 10,000 likimwaga, ni maboza 120 mpaka 150 kwa hekta moja tu, na kituo kina hekta nyingi. Kweli maji hayo mengi hurudi mtoni theluji ikiyeyuka, ila shida ni wakati, yanavutwa mito ikiwa imepungua na watu wa bondeni nao wanayataka. Ndio wanachimba mabwawa juu milimani, na ugomvi unaanzia hapo. La Clusaz, Ufaransa, mwaka 2022 wanaharakati walipiga kambi kwenye eneo la bwawa na mahakama ikasimamisha mradi. Huku kwetu tunagombania maji ya kunywa na ya shamba, wenzetu wameongeza na ya kuteleza.

Zipo mashine zinazotengeneza barafu hata kukiwa na joto, zenyewe ni friji kubwa tu. Moja ya hizo, iliyowekwa Pitztal, Austria, teknolojia yake ilitoka kwenye kupoza migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Lakini umeme wake sio mchezo, inafaa kufunika kipande kidogo tu, mfano njia ya watoto wanaojifunza.

Njia ya pili, ya kuhifadhi theluji, mimi ndiyo inanifurahisha, kwa sababu shemeji yangu anaifanya kila siku pale soko la samaki la Deep Sea na hajui kama ni teknolojia. Anauza samaki. Alfajiri ananunua mabonge ya barafu, anayapanga chini kabisa ya kisanduku cha mbao, anamwaga unga wa mbao, anafunika gunia, juu ya gunia anaweka gunia lingine bichi. Saa nane mchana jua la kupasua kichwa ukifunua gunia unakuta barafu bado ipo, imepungua pembeni tu, na ile kona ambayo gunia lilisogea imekuwa tundu la mviringo kana kwamba mtu ameilamba. Siku moja nilimuuliza kwa nini asitumie plastiki tu kama wengine, akanijibu plastiki inapika.

Sasa Davos, Uswisi, wanafanya hivyohivyo kwa rundo kubwa la theluji. Msimu unapoisha wanakusanya theluji, wengine wanatengeneza ya mashine siku za baridi kali ikiwa bei rahisi, wanairundika, wanaifunika unga wa mbao unene wa kama sentimita 40, wanaiacha kiangazi chote. Vuli wanafunua, sehemu kubwa bado ipo, wanaitandaza wanafungua njia mapema kabla hata mbingu haijatoa kitu. Finland nao wanafanya. Sochi kwenye Olimpiki ya 2014 walihifadhi marundo makubwa chini ya mablanketi maalumu. Unga wa mbao unazuia joto la hewa, na ule unyevu wake ukikauka unaondoka na joto, ni yaleyale ya upepo wa Raskazone. Italia, kwenye barafu ya mlima ya Presena, wanafunika barafu yenyewe na vitambaa vyeupe wakati wa kiangazi ili isiyeyuke. Inasaidia kwa kipande hicho, lakini huwezi kufunika Alps nzima na shuka.

Njia za kituko pia zipo. Februari 2020 kituo cha Luchon-Superbagnères, Ufaransa, kilibeba theluji kama tani 50 kwa helikopta kutoka juu kwenda njia za chini. Watu walilalamika sana na mimi nawaunga mkono, unachoma mafuta ya ndege kupambana na joto linaloletwa na mafuta.

Wengine wanasema si wapande juu zaidi tu. Ndiyo, wanapanda, na wenye milima mirefu wana nafuu. Lakini juu nako kunaisha. Zermatt, Uswisi, lifti inafika karibu mita 3,900 na watu huteleza hata kiangazi, ila mwishoni mwa Julai 2022 walisimamisha kwa joto. Chacaltaya, Bolivia, kilikuwa kituo cha juu kuliko vyote duniani, mita 5,300 hivi, barafu yake ikaisha kabisa mwaka 2009. Hakuna mashine wala gunia, imeisha.

Hapo ndipo kijiweni huwa anatokea mtu: si waje Kilimanjaro? Shekhe, barafu ya Kilimanjaro iko huko mita 5,800, hewa nyembamba mpaka mtu anahesabu hatua, na yenyewe inakwenda. Mwaka 1912 ilikuwa kama kilomita za mraba 12, kufika 2011 hazikufika 2. Na kama mnataka skii ya Afrika ipo Lesotho, Afriski, juu ya mita 3,000, wanafungua Juni mpaka Agosti wakati sisi tuko kwenye kusi, na wao nao wanategemea mashine kwa sababu usiku wao ni wa baridi na mkavu. Mmeona, tumerudi palepale, baridi na ukavu.

Njia ya tatu ni ya hesabu za pesa, na wengi hawaioni kwa sababu haina picha. Watu wa Muheza wanaijua: mnunuzi anakuja machungwa bado mabichi, anakulipa shamba zima, mvua ikigoma au fungo wakivamia ni shauri lake, wewe hela umeshakula. Mwaka 2008 kampuni ya Vail ya Marekani ilianza kuuza tiketi ya msimu mzima kwa bei nafuu kabla ya msimu kuanza, na inakubalika kwenye vituo vyao mbalimbali. Theluji ianguke isianguke, pesa iko mfukoni mwa kampuni. Na ukiwa na vituo kwenye milima tofauti, huku pakikauka pengine kule pamemwagika. Ni akili nzuri kwa mkubwa. Kituo kidogo cha kijiji chenye mlima mmoja na lifti mbili hakina pa kuhamishia hasara, na ndiyo maana naona vidogo vitakufa kwanza hata kama viko sawa kwa urefu wa mlima.

Kuna mambo madogomadogo pia, kwa mfano magari ya kusawazisha theluji sasa yana kifaa kinachotumia ishara za setilaiti kujua unene wa theluji chini ya gari, dereva anajua hapa kuna sentimita 80 pale 20, anasukuma ya ziada kule kwenye upungufu badala ya kuwasha mashine. Au kulima mlima uwe laini kiangazi, kuondoa mawe, kupanda nyasi, ili theluji ya sentimita chache itoshe. Yanasaidia, hayana mjadala.

Mjadala uko kwenye njia ya mwisho, ya kuacha kuuza theluji. Wengine nusunusu: Whistler, Kanada, kiangazi lifti zilezile zinapandisha baiskeli na watu wanashuka nazo kwa kasi, imekuwa biashara kubwa yenyewe. Wengine moja kwa moja. Dobratsch, Austria, mlima ule ndio unaotoa maji ya kunywa ya mji wa Villach, kwa hiyo mashine za theluji hazikuruhusiwa, theluji ya asili ikawa haitoshi, mwaka 2002 wakang'oa biashara ya lifti wakatangaza hifadhi ya mazingira, watu wanapanda kwa miguu. Métabief, Ufaransa, mlima wao haufiki hata mita 1,500, wamekaa chini wakapiga hesabu wakasema skii ya kuteremka itaishia kati ya 2030 na 2035, basi wanakarabati kwa kiasi cha kufika hapo tu, na pesa nyingine wanatafutia kazi za misimu yote. Mimi hawa nawaheshimu kuliko wa helikopta. Ila tusidanganyane, mtalii wa kutembea kwa miguu hatumii hela kama wa skii, anakuja na chupa yake ya maji na andazi lake.

Shangazi yangu analima mwani kule pwani ya Mkinga. Wakati nayasoma haya nilikuwa nimekaa naye anafunga mbegu kwenye kamba, maji ya bahari yalikuwa bado hayajatoka, nikamsimulia. Hakushangaa hata kidogo. Maji ya kina kifupi siku hizi yanachemka, kotonii, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, inageuka nyeupe matawi yanakatika, na ugonjwa huo wataalamu wanauita aisi-aisi, yaani barafu-barafu, ugonjwa wa joto umepewa jina la barafu, nilicheka peke yangu. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, inavumilia ila bei yake haina maana. Wanaambiwa wahamie kina kirefu kwenye maji ya baridi, lakini kina kirefu kinataka boti na kinataka mtu anayejua kuogelea, na wenzake wengi hawajui.

"Na hao wakifuata baridi huko juu mlimani," akaniuliza, "wanapanda kwa miguu?"

Nikamwambia hapana, wanajengewa lifti.

"Kwa hela ya nani?"

Nikaanza kumweleza habari ya wakubwa na wadogo, hakuningoja nimalize, maji yalikuwa yameanza kutoka, akajitwika kamba na taitai zake, vile vikamba vya kufungia mwani, akashuka.